Fulusi wa Siku ya Nne

Tuling'oa Point Loma saa mbili usiku,
abiria ishirini na wanne, kila mtu na nambari yake,
dagaa hai wakitufu ndani ya tangi,
simba-bahari wakibweka gatini
kama wadai waliopoteza hati.

Mimi ni mpishi. Sivui.
Siku tano mimi na jiko lenye vizuizi vya chuma
ili sufuria zisihame,
mayai sitini kila alfajiri,
na kahawa ambayo hakuna aisifuye wala aiachaye.

Simu ilikufa kabla hatujavipita visiwa.
Ujumbe wa mwisho wa Mwanakheri: Kodi imepanda. Tutaongea.
Tutaongea.
Neno hilo nililikatakata pamoja na vitunguu
siku nzima ya kwanza.

Ya pili, jodari.
Nahodha aliwaona kwenye kioo cha sona,
wingu jekundu, mita arobaini chini,
akapaza sauti, na watu wazima,
madaktari wa meno, mafundi bomba,
wakatimka kama watoto wa chuoni Alhamisi mchana.
Mishipi ikapandana. Pita juu! Pita chini yake!
Jodari hatoki kwa hiari:
anazunguka chini ya chombo, anazunguka,
kila duara anakudai kipande cha mgongo.
Kulabu ikashuka, damu ikafika mlangoni kwangu;
nikaifuta kwa mguu, nikaendelea kugeuza mikate.

Kila samaki akabanwa nambari shavuni.
Tisa. Tisa tena. Ishirini na mbili. Nne.
Kumi na saba, hakuna.

Kumi na saba ni Ofelia Arredondo,
mchomeleaji wa meli kule National City,
aliyeilipia safari hii kwa saa za ziada za miezi saba.
Siku ya pili mshipi wake ulikatika.
Ya tatu, ndoano ilinyooka ikawa sindano.
Alikula amesimama, sahani kifuani, jicho majini.
Sikumwambia pole.
Kuna watu ukiwapa pole umewaibia.

Ya nne, saa tano, tukakuta mwani unaelea,
kama mkeka uliosahauliwa baada ya arusi,
na chini yake wao:
kijani, buluu, dhahabu, kijani tena.
Dorado, wakasema hawa. Mahi, wakasema wale.
Mimi dirishani, mwiko mkononi, likanitoka: Fulusi.
Ofelia akageuka. "Umesemaje?"
Kwetu ndilo jina lake, nikamwambia,
na ndilo jina la pesa.
Akacheka mara ya kwanza tangu gatini.
"Basi niitie."

Nikamwita. Sikuwa na imani hata chembe.

Jike alinasa, akaruka mara tatu,
na alipovutwa dume akamfuata,
ubavu kwa ubavu, paji lake wima kama ukuta,
bila ndoano, bila cha kumshika,
hadi chini kabisa ya ubao.
Watu kumi wakamrushia chambo. Hakukitazama.
Alipoinuliwa mwenzake, alibaki pale kidogo.
Kisha mahali pake pakawa maji.

Sitahani dhahabu ilimtoka yule jike
kama umeme unavyokatika mjini, mtaa baada ya mtaa,
akabaki kijivu.
"Ni pesa kweli," Ofelia akasema.
"Ijumaa inang'aa. Jumatatu huijui rangi yake."

Gatini wengine waliondoka na mikokoteni.
Yeye alikuwa na mfuko mmoja,
akanikatia nusu ya mnofu, nikakataa, akanikaripia.
Simu ikafufuka, ikatetemeka mara kumi na moja.
Sikuisoma: Mwanakheri mwenyewe alikuwa pale,
gari ameliegesha pasiporuhusiwa, taa zikipepesa.
Niliingia nikinuka damu na vitunguu.

"Umeleta nini?"
"Fulusi."
Akafungua kiganja, akingoja noti.
Nikamwekea samaki, baridi kama barafu,
akapiga yowe, kisha tukacheka,
tukacheka, kodi iko palepale, tukacheka
hadi askari wa maegesho akagonga kioo.